Kompyuta ya gemu: ninunue iliyo tayari au niunde mwenyewe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaunda kompyuta za gemu Dar es Salaam. Vifaa vingi navipata Kariakoo, vingine kwa watu wanaoleta mzigo kutoka Dubai. Maswali yaliyo hapa huulizwa kila wiki, mengi kwa WhatsApp, mengine mtu akiwa amesimama mbele yangu na pesa tayari mfukoni. Majibu ni ya Dar, lakini aliye Nairobi, Mombasa au Kampala atakuta mengi yanamhusu, kwa sababu mzigo ni uleule na umeme unakaribiana.

Tuanze na lenyewe. Ninunue au niunde?

Kabla ya bei, jiulize: siku itakapogoma, nani ataifungua?

Hapa kwetu ni nadra mashine ya gemu kuwa na kituo cha huduma cha kampuni jirani na kwako. Ukiunda mwenyewe, fundi wa kwanza ni wewe. Unajua kila skrubu ilipo, na kifaa kimoja kikifa unabadilisha hicho kimoja, vingine vinaendelea. Ukinunua iliyo tayari kwa mtu anayeuza leo na kesho amehamia biashara ya simu, umebaki na sanduku usilojua ndani yake kuna nini. Lakini ukinunua duka lenye fundi wake, linalotoa risiti na linalokubali kukuandikia vifaa vyote kwa jina na modeli, umenunua utulivu, na kwangu huo una thamani hata ukiongeza fedha kidogo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye subira na siku mbili za mapumziko, aunde. Asiye na muda anunue, ila alazimishe kuoneshwa ndani. Mwenye bajeti ndogo asifanye lolote kati ya hayo mawili kabla hajasoma swali la kompyuta za ofisini hapa chini.

Kuunda ni nafuu kweli?

Mara nyingi ndiyo, ila tofauti si kubwa kama inavyosimuliwa vijiweni. Faida yenyewe ni kwamba unaamua kila shilingi inakwenda wapi. Muuzaji wa mashine iliyo tayari huweka pesa panapoonekana: taa za rangi, kioo cha ubavuni, jina la prosesa (ubongo wa kompyuta) kwenye tangazo. Hubana pasipoonekana, yaani pawa saplai (inayogawa umeme ndani ya mashine), mazabodi (bodi kuu ambako vifaa vyote huchomekwa), na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kipande kimoja badala ya viwili. Prosesa za kawaida zina njia mbili za kuongea na RAM. Ukiweka kipande kimoja, umeiacha njia moja imelala, na kwenye gemu nyingi utaliona hilo.

Kuna nyakati mizani inageuka. Mwaka 2020 na 2021 kadi za picha, zile zinazochora picha za gemu na mafundi tunaziita GPU, ziliadimika dunia nzima, na watu wengi waliona ni rahisi kununua mashine kamili kuliko kuitafuta kadi peke yake. Mwishoni mwa 2025 ikaja zamu ya RAM: viwanda vilielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia na bei ikapaa. Mashine zilizofungwa kabla ya hapo na kubaki madukani zikawa dili. Ndiyo maana sipendi mtu anukuu bei ya mwaka jana. Piga hesabu zote mbili ndani ya wiki moja, kisha linganisha.

Ukiagiza vifaa nje, ongeza usafirishaji na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Ongeza leseni ya Windows pia. Wengi huisahau hiyo, halafu wanakuja kulalamika kwamba kuunda ni ghali.

Tangazo linasema "Core i7, RAM 16, SSD, kadi ya picha". Inatosha?

Haitoshi hata kidogo. Core i7-4770 ya mwaka 2013 ina koa (viini vya kufanyia kazi) 4. Core i7-13700 ya kizazi cha 13 ina koa 16. Zote ni "i7", na mwenye tangazo hajasema uongo. Omba namba kamili ya prosesa, modeli ya kadi ya picha pamoja na ukubwa wa kumbukumbu yake, idadi ya vipande vya RAM, modeli ya mazabodi, na kampuni na modeli ya pawa saplai. Hilo la mwisho ndilo linalowafichua wengi. Nikimsikia muuzaji anasema "ya kawaida tu kaka, usijali," hapo ndipo ninapoanza kujali.

Kwenye kadi za picha kuna ubaya zaidi. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili kompyuta izitambue kama GTX 1050 Ti au nyingine mpya kuliko zilivyo. Windows itaamini, na wewe utaamini. Pakua programu ya bure iitwayo GPU-Z, ifungue ukiwa bado dukani: imewekewa uwezo wa kugundua kadi nyingi za namna hiyo, na huziandika waziwazi kwamba ni bandia. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia dakika tatu.

Mbona unaing'ang'ania sana pawa saplai?

Kwa sababu ndiyo inayolisha vyote, na ikifa vibaya haifi peke yake.

Kijana mmoja aliniletea mashine aliyonunua ikiwa tayari, nzuri ya kutazama, feni sita zinawaka rangi zote. Kila akianza mechi ya Call of Duty inazima. Akiwa kwenye YouTube, haina shida kabisa. Alikuwa ameshaambiwa na watu wawili kwamba kadi imekufa. Niliitoa pawa saplai, nikaiinua kwa vidole viwili. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Ubavuni imeandikwa 650W kwa herufi kubwa. Chini yake, kwenye jedwali la maandishi madogo, mstari wa +12V, ndio unaolisha prosesa na kadi, ulisema ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Kadi yake, GTX 1660 Super, peke yake imepimwa wati 125, na bado hujagusa prosesa, diski na feni. Tulibadilisha pawa saplai tu. Kadi ilikuwa nzima.

Hesabu hiyo ifanye mwenyewe dukani. Usisome namba kubwa, soma mstari wa +12V. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 itakuwa na ampea 40 na kitu kwenye mstari huo. Nembo ya 80 PLUS inasaidia, ila ielewe vizuri: inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto. Haipimi kama kifaa kitahimili umeme wetu unaopanda na kushuka. Nunua kampuni inayojulikana, yenye dhamana ya miaka mitatu au zaidi. Kama pesa haitoshi, punguza kwenye kasha, punguza taa, hata shuka daraja moja la kadi. Hapa usipunguze.

Mjomba yuko Marekani na anakuja Desemba. Aniletee mashine kamili?

Nakushauri usimbebeshe. Mashine kamili ni nzito, na kadi ya picha ikisafiri imechomekwa inaweza kuvunja sehemu yake kwenye mazabodi kwa mtikisiko. Dhamana nayo mara nyingi inabaki kulekule ilikonunuliwa. Halafu kuna suala la volti. Marekani umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Pawa saplai nyingi za leo zimeandikwa 100–240V na hubadilika zenyewe, hizo hazina neno. Ila za zamani na za bei ya chini zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili.

Kwetu nyumbani ililetwa moja kutoka huko. Ndugu wote tumezunguka meza, shangazi anarekodi video kwa simu. Tukachomeka. Mlio mmoja, "pah", harufu ya plastiki iliyoungua, na sebule nzima giza. Swichi ilikuwa 115. Hakuna aliyegeuza ile mashine kutazama nyuma.

Mwambie mjomba, kwa heshima zake, abebe vile vidogo vyenye thamani: prosesa, RAM, SSD (diski ya kasi) na kadi ya picha ikiwa ndani ya boksi lake. Vinaingia kwenye begi la mkononi. Kasha na pawa saplai nunua hapa.

Jambo lingine: baadhi ya mashine za kampuni kubwa za nje zina mazabodi na pawa saplai za umbo lao wenyewe. Zikifa, kifaa cha kawaida cha Kariakoo hakiingii.

Bajeti yangu ni ndogo. Hizi kompyuta za ofisini za mtumba zinafaa?

Zinafaa, na ningetamani watu wengi zaidi waanzie hapa. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zimejaa madukani, zimetoka maofisini Ulaya na kwingineko. Zimejengwa kufanya kazi siku nzima bila kulalamika. Ongeza RAM, weka SSD, chomeka kadi ya picha, na una mashine ya kucheza EA FC, GTA V, Valorant au Counter-Strike 2 kwa pesa isiyotosha kununua kadi moja ya kisasa.

Lakini fungua macho. Kwanza umbo: ile nyembamba inakubali kadi fupi za nusu urefu pekee, ambazo ni chache na bei yake huwa juu. Tafuta ile ndefu, ya mnara. Pili, umeme: pawa saplai zake nyingi hazina waya wa kulishia kadi ya picha, kwa hiyo unategemea sehemu ya kuchomekea, na hapo mwisho ni wati 75. GTX 1650 iko kwenye kipimo hichohicho cha wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. Ndiyo maana mafundi tunaipenda. Hakikisha tu unachukua toleo lisilo na tundu la waya. Tatu, usidhani utabadilisha pawa saplai baadaye kirahisi. Dell na HP kwenye modeli nyingi hutumia plagi zao kwenye mazabodi badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Viunganishi vya kubadilisha vipo, ila hakikisha umekipata kabla hujanunua mashine.

Na nne, kizazi. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 na kuendelea, au Ryzen za 2000 na kuendelea, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama kilicho ndani ya mashine. Valorant kwenye Windows 11 hukagua TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), na visipokuwepo haikuruhusu kuingia. Kwa hiyo ile i5 ya kizazi cha 4 inayouzwa bei ya kutupa ina sababu ya kutupwa. Ongeza pesa ufike kizazi cha 8.

Sijawahi kufungua kompyuta maishani. Naweza kuiunda?

Unaweza. Vifaa vimetengenezwa hivi kwamba plagi nyingi zinaingia sehemu moja tu, na kifaa cha lazima ni bisibisi moja ya nyota. Mtu wa mara ya kwanza atumie siku nzima, asikimbizwe na yeyote.

Tandika meza, siyo zulia. Gusa chuma ili utoe umeme tuli mwilini. Weka prosesa kwenye mazabodi ikiwa bado nje ya kasha: tafuta pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa na nyingine kwenye soketi, zikutanishe, kisha iachie ishuke kwa uzito wake. Ukihisi unahitaji kusukuma, acha, kuna kitu hakijakaa. RAM ni kinyume chake, inataka nguvu mpaka usikie mlio wa "tak". Kama mazabodi ina nafasi nne, vipande viwili kwa kawaida vinakaa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Pesti ya kupitisha joto, tone la ukubwa wa punje ya choroko linatosha. Na bandua ile karatasi ya plastiki chini ya feni ya prosesa. Nimeshafungua mashine iliyokuwa inachemka miezi mitatu, karatasi bado ipo.

Kabla ya kuingiza mazabodi kwenye kasha, hesabu vile vimiguu vya shaba vinavyoiinua isiguse chuma. Kimoja kikikaa mahali pasipo na tundu, kinaweza kupiga shoti.

Mashine yangu ya kwanza ilinikesha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Nilitoa kila kitu na kurudisha mara mbili. Karibu na saa sita usiku nikaona tundu dogo la pini 8 juu kushoto, jirani na prosesa, liko wazi. Ile plagi kubwa ya pini 24 hailishi prosesa. Prosesa ina waya wake. Tangu siku ile ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama mtu akinipigia simu usiku na sauti ya kukata tamaa. Cha pili ni waya wa skrini: uchomekwe kwenye kadi ya picha, siyo kwenye mazabodi. Wapo waliocheza miezi mingi bila kadi yao kufanya kazi, wakiamini walitapeliwa.

Ikiwaka, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi, kabla ya Windows) uwashe XMP, au EXPO kwa RAM za upande wa AMD. Bila hivyo RAM uliyolipia mwendo mkubwa itatembea mwendo wa chini. Mashine zilizokuja tayari nazo zikague hapo, nyingi zimeachwa hivyohivyo.

Nichague prosesa na kadi gani?

Kwa anayecheza kwenye skrini ya 1080p, Ryzen 5 5600 bado ni chaguo ninalolirudia. Ina koa 6, ni ya wati 65, inakaa kwenye soketi ya AM4 ambayo mazabodi zake zimejaa na RAM yake ya DDR4 inapatikana hata iliyotumika. Ukichukua mazabodi ya B450 ya zamani, hakikisha BIOS yake imesasishwa, vinginevyo haitaitambua. Ioanishe na RX 6600, RTX 3060 au RTX 4060. Mwenye pesa zaidi na anayetaka kuendelea kupandisha bila kubadilisha mazabodi aende AM5, akijua soketi hiyo inakubali RAM ya DDR5 tu.

Kadi ya picha iachie theluthi moja hadi nusu ya bajeti yote. Zaidi ya hapo vingine vinakosa.

Kadi ya picha iliyotumika je?

Nunua, ila ijaribu. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji kwa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikikesha kazini ziliingia sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni na pesti yake vimechoka. Icheze gemu zito nusu saa mbele ya muuzaji. Ukiona madoa ya rangi, mistari au inazima, mrudishie kwa salamu.

Itakula yuniti ngapi?

Mashine ya Ryzen 5 5600 na RTX 4060, pamoja na skrini, ichukulie wati 250 ikiwa kazini. Saa nne kwa siku ni yuniti moja, yaani 30 kwa mwezi. Ongeza UPS (betri ya akiba) kwenye bajeti tangu mwanzo. Na UPS ya 650VA haimaanishi wati 650. Nyingi hubeba wati 360 hadi 390. Inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima vizuri umeme ukikatika, haikupi mechi nzima.

Joto, vumbi na upepo wa bahari?

Chagua kasha lenye mbele ya wavu, siyo la kioo kitupu. Liinue kutoka sakafuni. Wa Kigamboni, Mombasa na Unguja wajue chumvi inakula chuma polepole, hivyo usiweke mashine dirishani hata kama ndiko kunakopoa. Kila baada ya miezi miwili, ifungue, ushike feni isizunguke, upulize vumbi. Hapa ndipo aliyeunda mwenyewe anapomshinda aliyenunua: haogopi kufungua.

Kwa nini nisichukue laptop au PlayStation?

Mwanafunzi wa bweni, laptop. Anayetaka kucheza mpira na marafiki sebuleni basi, PlayStation, na asijisumbue na ukurasa huu. Kompyuta ya mezani ni ya anayetaka pia kuhariri video, kuchora, kusoma programu, na kubadilisha kifaa kimoja kimoja kadiri pesa inavyopatikana.

Nataka vifaa nichague mwenyewe lakini mikono yangu inatetemeka. Nimlipe fundi?

Hiyo ni njia nzuri, na kwa wengi ndiyo ninayoipendekeza. Nunua vifaa wewe, risiti ya EFD kwa jina lako, na namba za mfululizo (serial) za kila kifaa ziandikwe kwenye risiti au zipigwe picha. Bila namba hizo, siku ya kudai dhamana utaambiwa kadi hii haikutoka hapa. Mpelekee fundi maboksi yakiwa bado yamefungwa, kisha vuta kiti ukae. Fundi mzuri hatachukia. Atakueleza huku anafunga, na utaondoka na nusu ya ujuzi wake.

Akimaliza, usilipe kwa kuona taa zinawaka. Acha gemu lichezwe saa nzima, halafu tazama joto la prosesa na la kadi. Zima, chomoa, chomeka, washa tena. Kisha beba maboksi yote matupu nyumbani, na lile la mazabodi usimpe mtu: ndani yake kuna skrubu na waya ambazo siku moja utazihitaji.